Leseni ya Dereva Ivukapo Mpaka

Mtu aliyejifunza kuogelea katika Ziwa Victoria huogelea pia katika bahari ya Mombasa, wala hapana askari asimamaye ufukoni akamdai cheti. Fundi wa nguo aliyejifunza kazi yake Kisumu hushona vile vile akiwa Kampala, na mpishi hodari wa Lamu hageuki kuwa mjinga wa kupika kwa sababu amepanda meli na kushuka Muscat. Ujuzi hukaa mikononi na kichwani mwa mwenyewe, naye aendapo huenda nao. Lakini dereva hali yake ni nyingine. Leo ni dereva kamili, mwenye miaka 20 ya kazi na asiyegonga hata kuku. Kesho amevuka mpaka mmoja tu, na mbele ya sheria ya nchi ile ni kama mtu asiyejua breki iko wapi. Mikono ni ile ile na macho ni yale yale. Kilichobadilika ni serikali iliyo juu ya barabara.

Katika insha hii tutatazama jinsi mataifa yalivyojaribu, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, kujibu swali moja: serikali yawezaje kuamini ujuzi uliopimwa na serikali nyingine? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo ya usalama, ya heshima ya mataifa, na ya uhuru wa mtu kwenda atakako.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1886 mhandisi Mjerumani, Karl Benz, wa mji wa Mannheim, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari la magurudumu matatu lililosukumwa kwa mtambo wa mafuta. Gari lile lilinguruma na kutoa moshi, na watu wa mji walinung'unika. Benz akaona heri aombe ruhusa, na mwaka 1888 wakuu wa dola ya Baden, aliyokuwa akikaa, wakampa barua ya kumruhusu kupita na gari lake katika barabara za watu wote. Wengi husema kuwa barua ile ndiyo mzazi wa leseni zote za udereva duniani. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mkewe, Bertha Benz, aliondoka nyumbani pamoja na wanawe wawili wa kiume, bila ya kumwarifu mumewe, akaliendesha gari hilo kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita zipatazo 106. Mafuta yalipopungua alinunua mengine katika duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipolika alimwomba fundi viatu azitie ngozi. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya mbali ya motokaa, na dereva wake alikuwa mwanamke. Msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Motokaa zilipoongezeka, hofu nayo iliongezeka. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1865, iliyotungwa kwa ajili ya magari ya mvuke, ilimtaka mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa ameshika bendera nyekundu ili kuwaonya wapitao. Mwendo wa gari mjini ulikuwa usizidi maili 2 kwa saa, na nje ya mji maili 4. Katika Ufaransa polisi wa Paris walichukua njia nyingine. Kwa amri ya mwaka 1893 walisema kuwa mtu asiendeshe motokaa katika mji wao mpaka athibitishe kwamba anaweza kuiongoza. Hapo ndipo wazo la kumpima dereva lilipozaliwa. Waingereza walikawia. Sheria yao ya mwaka 1903, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1904, ilimtaka kila dereva awe na leseni, lakini leseni ile ilipatikana kwa kulipa shilingi 5 tu, bila mtihani wo wote. Mtihani wa lazima haukuanza Uingereza mpaka tarehe 1 Juni 1935.

Hebu tutafakari maana ya tofauti hiyo. Mwaka 1910, tuseme, Mfaransa na Mwingereza walikutana njiani, kila mmoja ana karatasi mfukoni iliyoandikwa leseni. Karatasi ya Mfaransa ilisema, "Mtu huyu amepimwa." Karatasi ya Mwingereza ilisema, "Mtu huyu amelipa." Jina lilikuwa moja, lakini maana zilikuwa mbili. Basi si ajabu kwamba afisa wa mpaka aliyeonyeshwa karatasi ya nchi ngeni alikunja uso. Hakujua kama aliyesimama mbele yake ni dereva, au ni mtu mwenye shilingi tano.

Na shida za mpakani hazikuwa hiyo peke yake. Katika Ulaya ya siku zile mwenye motokaa aliweza kufungua kinywa katika nchi moja, akala chakula cha mchana katika nchi ya pili, na kulala katika nchi ya tatu. Katika kila mpaka alisimamishwa. Aliulizwa gari ni la nani, limekaguliwa na nani, breki zake zashika au hazishiki, na yeye mwenyewe alijifunza wapi. Tena alidaiwa aweke amana ya ushuru, ili kuhakikisha kuwa gari halitauzwa katika nchi ile kwa siri. Alama za barabarani nazo zilikuwa kila nchi na zake, kwa maneno ya lugha yake. Mgeni aliyefika kwenye kona kali aliona ubao ulioandikwa maneno asiyoyajua, na maana yake aliipata alipokuwa tayari yumo mtaroni.

Kwa hiyo tarehe 11 Oktoba 1909 wajumbe wa mataifa mbalimbali, wakiwamo wa Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Italia na Urusi, walitia sahihi mjini Paris mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya safari za motokaa. Walipatana juu ya mambo matatu makubwa. Kwanza, walichagua alama nne za picha za kumwonya dereva: tuta au shimo la kuvuka maji, kona, njia panda, na mahali reli inapokata barabara. Picha haina lugha. Mrusi na Mwitalia huisoma sawasawa. Pili, walikubaliana kwamba kila gari litokalo nje libandikwe nyuma kibao cha umbo la yai chenye herufi za nchi yake, kama F ya Ufaransa na D ya Ujerumani. Tatu, na hili ndilo shabaha yetu, walianzisha cheti cha njia cha kimataifa, kilichodumu mwaka mmoja, chenye kueleza habari za gari na habari za dereva pamoja. Nchi iliyokitoa ilidhamini kuwa gari limekaguliwa na mtu amepimwa. Nchi iliyokipokea ilikubali dhamana hiyo.

Hapo jambo jipya lilitokea duniani. Mataifa yaliyokuwa yakitengeneza manowari ili kuogopeshana yalikubali kuaminiana katika jambo moja dogo: ujuzi wa dereva. Miaka mitano baadaye mataifa yale yale yaliingia katika Vita Kuu ya kwanza. Mipaka ilifungwa, na cheti cha njia hakikuwa na njia ya kupita. Yafaa tukumbuke kuwa mkataba ni kama daraja. Huvusha watu wakati wa amani, lakini hauwezi kuzuia mafuriko.

Baada ya vita motokaa hazikuwa tena mchezo wa matajiri. Tarehe 24 Aprili 1926 wajumbe walikutana tena Paris, wakagawanya cheti kile kimoja kuwa viwili: kimoja cha gari, na kingine cha dereva. Mgawanyo huu ulikuwa wa busara. Mtu aweza kusafiri kwa gari moshi au kwa meli, akaliacha gari lake nyumbani, na afikapo akaazima au kukodi gari la wenyeji. Ujuzi ni wa mtu, wala si wa chombo. Ndiyo asili ya kijitabu kiitwacho mpaka leo kibali cha kimataifa cha udereva.

Desturi ya herufi za nchi ilifika hata kwetu. Magari ya Kenya yalipewa herufi EAK, ya Uganda EAU, ya Tanganyika EAT na ya Unguja EAZ. EA ikiwa ni Afrika ya Mashariki, na herufi ya mwisho ikiwa ni jina la nchi yenyewe. Hapa Nairobi chama cha wenye motokaa kilianzishwa mwaka 1919, nacho kilifuata mfano wa vyama vya Ulaya vilivyowasaidia madereva katika safari zao. Na mwaka 1953, mbio za motokaa ambazo baadaye zilijulikana kwa jina la Safari zilipoanza, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva aliyetoka nchi moja akaingia nyingine alikuta upande wa barabara ni ule ule wa kushoto, kwa kuwa nchi zote tatu zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, kazi ya kupatanisha sheria za barabara ilichukuliwa na Umoja wa Mataifa. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Geneva tarehe 19 Septemba 1949. Mkataba huo ulisema kuwa kila nchi iliyoukubali itamruhusu mgeni kuendesha, bila ya kumpima upya, maadamu ana leseni halali aliyopewa baada ya kuthibitisha ustadi wake, naye ametimiza umri wa miaka 18. Tazama maneno yale, "baada ya kuthibitisha ustadi wake." Leseni ya kulipa tu, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1904, haikutosha tena. Mkataba uliyagawa magari katika mafungu matano, kwa herufi A mpaka E: pikipiki, motokaa ndogo zisizozidi uzito wa kilo 3,500 wala viti 8 pasipo kile cha dereva, malori, mabasi, na magari yenye kukokota matela. Mafungu hayo yaendelea mpaka leo, na yeyote aliyeiona leseni mpya ya Kenya atayatambua.

Inafaa tusimame kidogo hapa, kwa kuwa wengi hukosea. Kibali cha kimataifa si leseni kubwa kuliko leseni. Ni kijitabu cha tafsiri tu, chenye picha ya mwenyewe, kilichoandikwa kwa lugha kadhaa ili askari wa nchi ngeni aweze kukisoma. Hutolewa na nchi iliyotoa leseni, kwa mtu ambaye tayari anayo leseni. Atembeaye nacho bila ya leseni yake ya nyumbani ni kama mtu aliyechukua kivuli akauacha mwili. Wadanganyifu wengi wamejitajirisha kwa kuwauzia watu wasiojua vijitabu vizuri vyenye mihuri mingi, vinavyosemekana kuwa ni vya kimataifa, na mnunuzi hugundua mpakani kuwa alinunua karatasi tupu. Nawasihi vijana msidanganyike. Hapana duka duniani liuzalo ujuzi kwa kurasa.

Mkataba wa tatu mkubwa ni ule wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968, ulioanza kutumika mwaka 1977. Huo uliongeza muda wa kibali, ukakiruhusu kifike miaka 3 badala ya mwaka 1 wa Geneva, mradi leseni ya nyumbani isiishe kwanza. Kenya ilijiunga na mkataba huu mwaka 2009. Lakini nchi zote hazikuhama pamoja. Nyingine zilibaki Geneva, nyingine ziliingia Vienna, nyingine zimo katika yote miwili, na nyingine hazimo popote. Japani, kwa mfano, imeshika ule wa Geneva peke yake. Mjerumani afikaye kule hakitumii kijitabu chake cha Vienna, bali huonyesha leseni yake ya kwao pamoja na tafsiri ya Kijapani. Jamhuri ya Watu wa China haimo katika Geneva wala Vienna, kwa hiyo mgeni mwenye leseni ya kwao lazima afanye mtihani wa sheria za barabara za China kabla ya kupewa leseni ya kienyeji. Basi hata neno "kimataifa" lina mipaka yake.

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukiitazama mikataba hii utaona kuwa nayo imesema neno lile lile kwa maneno marefu. Mgeni wa kupita hupokewa na leseni yake. Lakini akihama, akapanga nyumba, akapata kazi na kuwapeleka watoto shule, huyo si mgeni tena, naye lazima alishike jembe la wenyeji. Mkataba wa Vienna wasema wazi kwamba nchi haifungwi kuitambua leseni ya mtu aliyehamisha makazi yake kwenda kwake. Kutoka hapo kila serikali huamua yenyewe. Nyingine humbadilishia leseni yake bila ya mtihani. Nyingine humpima kidogo. Nyingine humrudisha darasani kama mtoto.

Chukua mfano wa Uingereza. Muuguzi Mkenya ahamiaye huko kufanya kazi aruhusiwa kuendesha kwa leseni yake ya Kenya kwa muda wa miezi 12 tangu alipokuwa mkazi. Muda huo ukiisha, lazima awe amechukua leseni ya mwanafunzi, akafanya mtihani wa sheria na mtihani wa barabarani, hata kama ameendesha kutoka Mombasa mpaka Malaba mara mia. Mwenzake atokaye Afrika Kusini au Zimbabwe hubadilisha leseni yake bila mtihani, kwa kuwa nchi hizo zimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza imekubali mtihani wao. Wanakaa nyumba moja na kufanya kazi hospitali moja, lakini mmoja hupeleka karatasi kwa posta na mwingine huketi tena karibu na mwalimu. Uchungu wa jambo hilo waeleweka.

Nchi za Ulaya zilizoungana ziliutatua mzigo huu kwa hatua. Mwaka 1980 zilipatana kwamba mtu ahamaye kutoka nchi moja ya umoja wao kwenda nyingine aibadilishe leseni yake katika muda wa mwaka mmoja, bila kupimwa upya. Kisha tangu tarehe 1 Julai 1996 hata kule kubadilisha hakukuwa lazima tena. Leseni ya nchi moja ikawa ni leseni katika nchi zote. Hawakufika hapo kwa kupendana tu. Kwanza walikubaliana juu ya mambo ambayo mtihani lazima uyapime, na baada ya hapo kuaminiana kukawa rahisi.

Je, nchi ikataayo leseni ya kigeni ina haki? Insha ya historia haifai kuwa ya upande mmoja. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watembeao kwa miguu. Yako mahali leseni hununuliwa kwa rushwa, na barabara haiulizi karatasi, huuliza mikono. Tena desturi za barabara hutofautiana kweli kweli. Dereva wa lori aondokaye Mombasa kwenda Kigali hushika kushoto katika Kenya na Uganda, na afikapo mpaka wa Gatuna lazima ahamie kulia, kwa kuwa Rwanda huendesha upande huo. Usingizi wa dakika moja mahali pale wamtosha kuua. Lakini kwa upande mwingine, mtihani uwekwapo kwa ajili ya kumchelewesha mgeni, si kwa ajili ya kumpima, huwa si ulinzi tena, ni ukuta. Haki ya serikali ni kuuliza, "Waweza?" Si haki yake kuuliza, "Wewe ni nani hata uweze?"

Swali hilo la pili lina historia yake, na mfano wake mkubwa uko katika Saudi Arabia. Katika nchi hiyo wanawake hawakuwa wakipewa leseni. Wengi wao walisoma ng'ambo, katika Marekani na Uingereza, wakajifunza kuendesha na kupata leseni za huko. Warudipo nyumbani leseni zile zililala sandukuni. Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliingia Kuwait, na wanawake wa Kuwait wakaonekana wakivuka mpaka kwa motokaa walizoziendesha wenyewe, wakiwaokoa watoto wao. Tarehe 6 Novemba 1990, wanawake 47 walikusanyika mjini Riyadh, wakawashusha madereva wao wa kiume, wakashika usukani na kuandamana kwa magari mjini. Wengi walikuwa na leseni walizozipata nje. Walisimamishwa na polisi. Pasipoti zao zilichukuliwa, na waliokuwa na kazi za serikali waliondolewa kazini. Lililokuwa desturi tu likageuzwa kuwa katazo rasmi.

Mwaka 2014 mwanamke kijana, Loujain al-Hathloul, alijaribu njia ya sheria. Alikuwa na leseni ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na nchi za Ghuba zilikuwa zimepatana kutambuliana leseni. Akaendesha gari lake mpaka kituo cha mpaka wa Saudi Arabia. Kwa maneno ya mapatano leseni ile ilifaa. Kwa desturi ya nchi mwenye leseni hakufaa. Aliwekwa kizuizini siku 73. Tazama jinsi karatasi ndogo ilivyoweza kuifunua serikali moyo wake: haikuwa na shaka juu ya ujuzi wa dereva, ilikuwa na shaka juu ya haki ya mwanamke.

Septemba 2017 mfalme wa nchi hiyo alitoa amri ya kuliondoa katazo, ianze kazi tarehe 24 Juni 2018. Na nani waliokuwa wa kwanza kupata leseni? Tarehe 4 Juni 2018 wanawake kumi walipewa leseni za Saudi Arabia, nao walikuwa ni wale waliokuwa na leseni za nchi za nje. Walipimwa kwa muda mfupi, wakabadilishiwa. Zile karatasi za kigeni zilizolala sandukuni ziliamka zikawa ufunguo. Lakini furaha ile haikuwafikia wote. Loujain al-Hathloul alikuwa amekamatwa tena mwezi wa Mei mwaka ule, wiki chache kabla ya siku aliyoipigania, naye hakufunguliwa mpaka Februari 2021. Miaka 130 ilikuwa imepita tangu Bertha Benz alipoendesha gari hadi Pforzheim.

Sisi wa Kenya tusilisome jambo hili kama habari za mbali. Nchi yetu yajua vema kwamba karatasi yaweza kuwa mlango au kufuli. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 kuchukua kipande. Kipande kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika siku ambayo mtu aliingia kazini na siku aliyotoka, na aliyeonekana bila ya kipande alishtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga tangu mwaka 1921, na hakikuondolewa mpaka mwaka 1947. Kipande na leseni vilikuwa karatasi zote mbili, zenye jina na mhuri. Lakini leseni ilimwambia mtu, "Nimekupima, nenda." Kipande kilimwambia, "Sikuulizi ujuzi wako. Simama hapo nikuone." Mwanafunzi wa historia atofautishe karatasi za namna hizi mbili popote atakapozikuta.

Na leo hii? Leseni ya Kenya ilikuwa kijitabu chekundu kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2017 ilianza kutolewa kadi yenye chembe ya elektroniki ndani yake. Katika Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, nchi zetu ziliahidi kujiunga na mikataba ya dunia juu ya safari za barabarani na alama zake. Ahadi ni mbegu. Kulima ni kazi nyingine. Vijana wetu wengi huenda katika nchi za Ghuba, Ulaya na Amerika kutafuta kazi, na baadhi yao ni madereva. Thamani ya leseni watakayoichukua itategemea jambo moja, nalo ni jinsi mtihani wetu unavyoaminiwa. Kila mtahini apokeaye rushwa Nairobi au Eldoret humwibia dereva mwaminifu atakayesimama mbele ya afisa wa Dubai au Manchester. Na kila mtahini mwenye haki humwandikia Mkenya huyo barua ya sifa bila ya kumjua.

Basi tumeona kwamba historia ya leseni ni historia ya kuaminiana. Ilianza kwa barua moja ya Baden, ikapita Paris, Geneva na Vienna, nayo bado haijafika mwisho wa safari yake. Mihuri na picha husaidia, lakini dhamana ya kweli haimo katika wino. Imo katika uaminifu wa aliyepima na ustadi wa aliyepimwa. Taifa litakalo karatasi zake ziheshimiwe ugenini halina budi kuziheshimu kwanza nyumbani.